Handel: Haleluya unaijua, macho yake je?

Kama umewahi kuimba kwaya Kakamega, ya kanisa au ya shule, basi Haleluya ya Handel unaijua, hata kama jina la mtunzi lilikupita.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Babake, kinyozi aliyepasua wagonjwa pia (enzi hizo kazi hizo zilienda pamoja), alitaka asomee sheria. Kijana aling'ang'ania kinanda. Alihamia London, na mwaka 1741 akatunga Messiah, ndiyo yenye hiyo Haleluya.

Mapema 1751 jicho la kushoto lilianza kumzimikia akiwa katikati ya kazi nyingine, Jephtha. Ikabidi aweke kalamu chini. Baadaye jicho la pili nalo likafifia.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Tiba ya siku hizo ilikuwa kuchoma jicho kwa sindano na kuisukuma lenzi chini, mgonjwa akiwa macho, bila ganzi! Mmoja wa waliomshughulikia Handel, mwaka 1758, alikuwa John Taylor, fundi wa kujipigia debe aliyezunguka Ulaya na gari la farasi lililochorwa macho. Miaka minane awali alikuwa amemchoma mtunzi mwingine, Bach, mara mbili. Bach alikufa miezi michache baadaye.

Wataalamu wengi wa leo wanashuku kwamba Handel hakuwa hata na mtoto wa jicho. Huenda ni kiharusi kilichomharibia macho. Sindano ingemsaidia nini?

Hapo ndipo namkumbuka kukhu anayelalamikia ukungu, nasi tunasema ni uzee tu. Apimwe kwanza. Hakuna dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho, hata muuzaji aape vipi. Ikithibitishwa ndio wenyewe, daktari humtia ganzi, akatoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Mara nyingi haifiki hata saa moja. Hospitali ya macho ya Sabatia, hapo jirani Vihiga, hufanya upasuaji huo.

Handel hakuipata bahati hiyo. Aliendelea kupiga kinanda akiwa kipofu, kwa kumbukumbu. Aprili 6, 1759 alihudhuria Messiah yake mara ya mwisho. Siku nane baadaye akafariki.