Paul Dirac na Atomu Ijiangamizayo

Muhula uliopita niliitwa ubaoni kufanya hesabu ya Fizikia, nikakosea, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo sikuinua mkono tena, hata nilipojua jibu. Ndipo nikasoma maktabani habari za Paul Dirac, nami napenda kuwasimulia wasomaji.

Alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 8 Agosti, 1902. Baba yake, mwalimu kutoka Uswisi, alimtaka aseme Kifaransa tu mezani. Mtoto akaona heri anyamaze, na ukimya huo ukamkaa hata uzeeni. Alisomea uhandisi wa umeme, akakosa kazi, akageukia hesabu, na mwaka 1923 akaingia Cambridge.

Mwaka 1928 aliandika mlinganyo wa elektroni. Lakini mlinganyo huo ulitoa majibu ya ziada, kana kwamba kuna chembe nyingine yenye chaji chanya. Chembe gani? Mwaka 1930 Dirac alidhani ni protoni. Wenziwe, Oppenheimer akiwa mmojawapo, wakapinga. Elektroni ikikutana na kinyume chake, zote mbili hutoweka na kugeuka mionzi. Kama protoni ndiyo kinyume hicho, kila atomu ya haidrojeni ingejiangamiza mara moja, na hata maji tunywayo yasingekuwako! Tena protoni ina uzito mara 1,836 wa elektroni.

Basi Dirac hakuona haya. Mwaka 1931 aliliacha wazo lake mbele ya watu wote, akaandika kwamba ni chembe mpya, yenye uzito sawasawa na elektroni. Mwaka 1932 Carl Anderson, huko California, akaiona alama ya njia yake katika chombo cha mvuke. Ikaitwa positroni. Mwaka 1933 Dirac alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Schrödinger, naye ana miaka 31 tu.

Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba atomu ya kujiangamiza iko kweli. Mwaka 1951 Martin Deutsch, huko Marekani, alithibitisha kuwa elektroni na positroni huweza kuzungukana kama atomu isiyo na kiini. Huitwa positroniamu. Aina moja huishi kwa wastani sehemu 142 za bilioni ya sekunde, kisha hutoweka, kwa kawaida ikitoa fotoni tatu. Aina ya pili hufa upesi zaidi ya mara elfu, ikitoa mbili.

Dirac alifariki Florida mwaka 1984. Mwaka 1995 aliwekewa jiwe la kumbukumbu katika Westminster Abbey, London, na juu yake umechongwa ule mlinganyo.