Omar Khayyam na Pembenne ya ABCD

Omar Khayyam alizaliwa mwaka 1048 katika mji wa Nishapur, Uajemi (Iran ya leo). Wengi wanamfahamu kwa mashairi yake ya mistari minne, ambayo Shaaban Robert aliyatafsiri kwa Kiswahili. Lakini katika uhai wake alisifika zaidi kwa hisabati na elimu ya nyota.

Akiwa kijana huko Samarkand, aliandika kitabu muhimu cha aljebra. Mwaka 1074 Sultani Malik Shah alimwita Isfahan, ambako yeye na wenzake walichunguza nyota na kutengeneza kalenda ya Jalali, iliyoanza kutumika mwaka 1079.

Mwaka 1077 aliandika kitabu kuhusu mambo magumu katika jiometri ya Euclid. Humo alichunguza pembenne ya namna hii: kitako ni AB; pande AD na BC zina urefu sawa, na kila moja inakutana na AB kwa nyuzi 90. Je, umbo hili ni mstatili? Kwa macho, ndiyo. Khayyam hakuridhika na jibu la macho. Kwanza alithibitisha kuwa pembe C na D ni sawa. Kisha akaeleza kuwa zinaweza kuwa pembe kali, pembe za nyuzi 90 au pembe butu. Umbo litakuwa mstatili zikiwa za nyuzi 90 tu. Alizikataa aina mbili nyingine kwa kutumia kanuni kwamba mistari inayokaribiana lazima ikutane, na kanuni hiyo aliitaja waziwazi.

Mwaka 1092 mambo yaliharibika. Waziri Nizam al-Mulk, aliyekuwa akimsaidia, aliuawa, na Sultani akafariki mwaka huohuo. Fedha za kazi ya nyota zikakatika. Khayyam alikwenda kuhiji Makka, baadaye akarudi Nishapur, alikofariki mwaka 1131.

Swali lake halikufa. Mwaka 1733 Mwitaliano Saccheri alichunguza umbo hilohilo. Katika karne ya 19 wanahisabati waligundua jiometri nyingine ambamo pembe C na D ni kali.

Zingatia: Katika jiometri ya Euclid, ambayo ndiyo unayotahiniwa, taja umbo kwa sifa zake, si kwa mwonekano wa mchoro:

1. Jozi moja ya pande zinazoelekeana ikiwa sawa na sambamba, pembenne ni msambamba.
2. Msambamba wenye pembe moja ya nyuzi 90 ni mstatili.
3. Msambamba wenye pande mbili jirani zilizo sawa ni rombasi.
4. Msambamba wenye sifa zote mbili, ya 2 na ya 3, ni mraba.

Jipime: Kwa kutumia sifa ya 1 na ya 2, thibitisha kuwa pembenne ya Khayyam ni mstatili.