Lewis Latimer: mtoto wa watoro aliyeutengeneza uzi wa globu

Wasomaji wetu walioko Ulaya na Marekani wamekwisha kuona wenyewe kwamba globu za zamani, zile zenye uzi unaowaka ndani ya kioo, zimetoweka madukani. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa mwaka 2009. Marekani nayo, Agosti 2023, ilianza kutekeleza kikamilifu amri ya kutouza globu za kawaida za nyumbani zisizofikia lumeni 45 kwa kila wati. Mahali pake pameshikwa na taa za LED. Wapo wanaoshukuru kwa kupungua bili ya umeme, na wapo wanaozunguka duka baada ya duka wakiitafuta globu ya uzi kwa sababu ya mwanga wake.

Wakati globu hiyo inaagwa, tumeona ni vyema kumkumbuka mtu mweusi mmoja aliyeifanyia kazi kubwa, ambaye ama hatajwi kabisa, ama husifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Lewis Howard Latimer alizaliwa tarehe 4 Septemba 1848 katika mji wa Chelsea, jimbo la Massachusetts. Lakini kisa chake kinaanza miaka sita kabla ya hapo. Oktoba 1842 wazazi wake, George na Rebecca, walitoroka utumwani Norfolk, Virginia, wakakimbilia Boston. Hazikupita siku nyingi George akatambuliwa na kukamatwa, na aliyejiita bwana wake akafika kumdai kama mtu anavyodai ng'ombe wake aliyepotea. Mji ukachafuka. Wapinga utumwa, akiwemo William Lloyd Garrison na Frederick Douglass, walilivalia njuga suala hilo mpaka uhuru wake ukanunuliwa kwa dola 400. Mwaka uliofuata, 1843, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuwakataza maofisa wake kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Watu waliiita Sheria ya Latimer.

Sisi tunaoishi katika nchi za watu tunaelewa maana ya habari hiyo. Mtu kukimbia ni jambo moja, na kupata mji utakaokataa kumrudisha alikotoka ni jambo jingine.

Maisha ya nyumbani yalikuwa magumu. Lewis alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi baba yake aliondoka, na mama akabaki na mzigo wa watoto. Mwaka 1864, akiwa na miaka 16 tu, Lewis aliongeza umri wake ili akubaliwe katika jeshi la wanamaji la upande wa Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alitumikia kwenye meli ya Massasoit na akaachiwa kwa heshima mwaka 1865.

Aliporudi Boston alipata kazi ya utarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza, yaani hati zinazolinda haki ya mvumbuzi, kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Humo aliwaona wachoraji wakichora mashine kwa wino na rula. Hakuna aliyempeleka shule ya kazi hiyo. Alinunua vifaa vilivyotumika, akapata vitabu, akajifunza usiku, kisha akaomba ajaribiwe. Baada ya miaka michache alikuwa mkuu wa wachoraji. Mwaka 1876, Alexander Graham Bell alipokuwa akiomba hataza ya simu, michoro ya ombi hilo ilitoka mkononi mwa Latimer.

Sasa tuje kwenye globu. Mwaka 1879 Joseph Swan nchini Uingereza na Thomas Edison nchini Marekani walikwisha kuonyesha kwamba uzi wa kaboni unaweza kuwaka ndani ya kioo kilichotolewa hewa. Kwa hiyo wanaosema kwamba Latimer ndiye aliyevumbua globu wanakosea, hata kama nia yao ni njema. Taabu iliyokuwepo ilikuwa ni uzi wenyewe. Ulipookwa ili ugeuke kaboni ulijikunja, ulishikana na mwenziwe au ulivunjika, na globu ikawa ghali.

Wakati huo Latimer alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Hiram Maxim, mshindani wa Edison. Mwaka 1881, yeye na Joseph Nichols walipata hataza ya namna ya kuufunga uzi kwenye nyaya zake. Tarehe 17 Januari 1882 alipata nyingine kwa jina lake peke yake. Dawa aliyoigundua ilikuwa kuzitia nyuzi ndani ya bahasha za karatasi ngumu kabla ya kuziingiza katika tanuri, ili zitoke zimenyooka na nzima. Ni jambo dogo kulitamka, lakini mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyoitoa globu katika maabara na kuifikisha nyumbani.

Kazi ilimtembeza. Alisimamia uwekaji wa taa New York, Philadelphia na Montreal, na huko Montreal alijifunza Kifaransa ili aweze kuwaelekeza mafundi. Mwaka 1882 alipelekwa London kuanzisha kiwanda cha globu. Mwaka 1884 alijiunga na Edison, na baadaye akahamia idara ya sheria, akichora na kutoa ushahidi katika kesi za hataza. Dunia ina mambo: kesi kubwa kuliko zote, ambayo Edison aliishinda katika rufaa mwaka 1892, ilikuwa dhidi ya kampuni ileile ya Maxim ambako Latimer alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1890 alitoa kitabu kinachoeleza mfumo wa taa za Edison. Mwaka 1918, waliofanya kazi na Edison walipounda umoja wao, mweusi alikuwa yeye peke yake.

Alifariki tarehe 11 Desemba 1928 huko Flushing, New York. Nyumba yake leo ni makumbusho.

Uzi wake wa kaboni ulikwisha kupitwa na ule wa tangisteni mapema katika karne ya 20, na sasa zamu ya huo imefika. Sababu si uonevu. Takriban sehemu 9 kati ya 10 za umeme unaoingia katika globu ya uzi hupotea kwa joto. Lakini wanaoililia nao wana hoja. Uzi unaowaka hutoa rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo bila pengo, kama jua lifanyavyo, ingawa umeelemea wekundu. LED nyeupe kwa kawaida huanza na mwanga wa buluu, kisha unga uliopakwa juu yake hugeuza sehemu ya mwanga huo kuwa njano na nyekundu. Zile za bei rahisi hupungukiwa na nyekundu, na ndiyo maana ngozi zetu na chakula chetu huonekana vimepauka.

Anayetafuta asidanganywe na maandishi ya boksi. Globu za oveni na friji bado zinaruhusiwa, lakini nguvu yake ni ndogo. Zile za kioo cha neodimi zinazouzwa kwa jina la mwanga kamili huchuja njano, yaani zinapunguza rangi badala ya kuongeza. Kwa LED, tazama kipimo cha CRI: globu ya uzi ina takriban 100, hivyo tafuta ya 95 au zaidi, yenye kelvini 2700.

Na wazazi wanaowasimulia watoto habari za Latimer wawaambie ilivyokuwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Latimer ni ule uzi usiovunjika, michoro ya simu na jina la baba yake katika sheria. Hahitaji kuazimwa taji la Edison.