Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Bwana wa Aljabri

Katika wanavyuoni wa Kiislamu waliotajwa na mataifa yote ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Vijana wetu huisumbukia elimu yake kila mwaka wa mtihani, na wengi hawajui ni ya nani. Kwa hivyo twapenda kueleza habari zake kwa ufupi.

Nisba yake yatujulisha kuwa asili yake ni Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral. Alizaliwa kiasi cha mwaka 780, akafa kiasi cha mwaka 850. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika Baitul-Hikma, zama za Khalifa Al-Maamun aliyetawala toka mwaka 813 hata 833. Khalifa huyo aliwapa daraja wenye elimu, na vitabu vya Wayunani na Wahindi vikafasiriwa kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi hakuona haya kuchukua jambo la haki kwa asiyekuwa wa dini yake. Tarakimu za Kihindi alizipokea akaziandikia kitabu, na kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake likawa ndilo jina la njia ya kuhesabu.

Lakini kitabu kilichomtukuza zaidi ni kile cha Al-Jabr wal-Muqabala, alichokiandika kwa kutiwa moyo na Khalifa mwenyewe. Jabr ni kurejesha kilichopunguka, kama mfupa uliovunjika unavyoungwa. Muqabala ni kukabilisha pande mbili na kuondoa kilicho sawa kwa sawa. Mraba wa hesabu aliuita mali, na kile kinachojizidisha hata kikawa mraba akakiita jidhri, yaani shina. Kitabu chote alikiandika kwa maneno, bila ya alama hizi zinazotumiwa madarasani leo.

Na tutazame njia yake. Mali pamoja na mashina 10 ni 39. Je, shina ni ngapi? Atwaa nusu ya mashina, nayo ni 5. Aizidisha kwa nafsi yake, ikawa 25. Aiongeza juu ya 39, ikawa 64. Shina la 64 ni 8. Atoa 5, yabaki 3. Na kweli, 9 na 30 ni 39. Wala hakutaka mtu amsadiki bure. Alichora mraba, akaupachika mistatili miwili yenye upana wa 5, ikaonekana pembe moja imepungua, na ukubwa wake ni 25. Alipoijaza pembe hiyo, mraba mkubwa ulikamilika. Mwenye kuuona mchoro huo hasahau, hata akisahau kanuni.

Tena alisema masala mengine yana majibu mawili. Mali na 21 ni sawa na mashina 10: nusu ya mashina ni 5, mraba wake 25, ukitoa 21 yabaki 4, na shina lake ni 2. Basi 5 ukitoa 2 ni 3, na ukiongeza 2 ni 7; yote mawili ni kweli. Akatahadharisha kuwa ule mraba wa nusu ukiwa mdogo kuliko ile idadi, masala hayo hayana jibu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa leo anapopata ufunguo. Akiulizwa ni lini mali na 21 itakuwa chini ya mashina 10, asibabaike. Na atafute kwanza mahali zinapolingana, napo ni 3 na 7, kisha ajaribu idadi moja katika kila upande. Kwa 5 apata 46, nayo ni chini ya 50. Kwa 2 apata 25, nayo yazidi 20. Kwa 8 apata 85, nayo yazidi 80. Basi jibu ni kila kilicho baina ya 3 na 7, na mipaka yenyewe haimo.

Wala mtu asidhani haya ni mchezo wa akili tu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni wasia na mirathi. Ametaja mtu aliyekufa akaacha wana wawili na dirhamu 10 mkononi, na mmoja wa wanawe adaiwa naye dirhamu 10, na thuluthi ameiusia kwa mtu mwingine. Fungu la mdaiwa lakatwa katika deni lake, lakini fungu lenyewe halijulikani mpaka ijulikane ni kiasi gani cha deni kiingizwe katika mali. Kwa aljabri yaonekana ni 5: mdaiwa amekwisha pata 5 zake katika deni, na zile 10 za mkononi ni 5 za nduguye na 5 za aliyeusiwa. Akikosea mwenye kugawa, amekula haki ya mtu, ingawa nia yake ni njema.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini huko Segovia, nao watu wa Ulaya wakajifunza kwacho kwa muda mrefu.

Basi enyi wazazi, msimwambie mtoto kuwa hesabu ni elimu ya wageni, wala kwamba yamtoa katika dini. Na nyinyi vijana, msihifadhi kanuni kama kasuku ili mvuke mtihani, kisha muisahau. Chukueni karatasi, mchore ule mraba, mjaze ile pembe, mpaka moyo utulie. Hivyo ndivyo alivyofundisha yeye, na hivyo ndivyo yatupasa sisi kujifunza.

Wabillahi tawfiq.