Carothers: Daktari aliyedai kuijua nafsi ya Mwafrika

Ni nadra kwa daktari kuacha alama katika historia ya nchi bila ya kuvumbua dawa wala kujenga hospitali. John Colin Carothers aliiacha alama hiyo nchini Kenya kwa kalamu yake. Kijitabu alichoiandikia serikali ya kikoloni mwaka wa 1954 kuhusu saikolojia ya Mau Mau kiliwachora Wakikuyu kama watu wasiri, wenye kushukiana na wasiojua kuishi pamoja. Ni hukumu iliyotolewa kwa jina la sayansi, na iliyowapa watawala hoja ya kutetea mambo yaliyoyavuruga maisha ya maelfu ya familia.

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1903, akasomea Uingereza na kuhitimu udaktari jijini London. Aliwasili Kenya mwaka wa 1929 na kwa takriban miaka tisa akawa daktari wa serikali katika wilaya mbalimbali. Mnamo 1938 alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi, hospitali ya pekee ya magonjwa ya akili katika koloni nzima. Mathari ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1910 katika majengo yaliyotumiwa hapo awali kuwatenga wagonjwa wa ndui. Wagonjwa wake walitengwa kulingana na rangi ya ngozi zao.

Wakati huo Carothers hakuwa na mafunzo maalumu katika tiba ya akili. Alijifunza kazi akiwa kazini, na baadaye tu ndipo alipopata stashahada ya taaluma hiyo nchini Uingereza. Hata hivyo, hakuwa mtu mvivu. Aliweka rekodi kwa makini, na mwaka wa 1947 akachapisha utafiti uliowahusu Waafrika 558 waliolazwa Mathari katika kipindi cha miaka mitano. Kwa hesabu yake, ni watu wasiozidi wanne katika kila laki moja waliolazwa kila mwaka, kiwango cha chini mno kikilinganishwa na kile cha Uingereza au Marekani.

Katika takwimu hizo mlikuwa na jambo lililostahili kuchunguzwa zaidi. Waafrika waliofanya kazi mbali na kwao walilazwa kwa kiwango kilichozidi mara kadhaa kile cha waliobaki vijijini mwao. Kwa maneno mengine, mzigo mkubwa uliwaangukia vibarua: watu waliotenganishwa na jamaa, wenye kuishi chini ya amri ya mwajiri na wasio na ardhi waliyoweza kuiita yao. Yamkini pia wengi waliougua nyumbani hawakufikishwa hospitalini kamwe, bali walitunzwa na jamaa zao au waganga wa kienyeji. Carothers aliyaona hayo, lakini maelezo aliyoyapendelea yalihusu umbile la nafsi ya Mwafrika mwenyewe.

Mwaka wa 1951, baada ya kuhamia Uingereza, alichapisha makala akidai kwamba Mwafrika hutumia kwa kiasi kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo, na akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Jina la shirika hilo liliipa nadharia yake uzito ambao ushahidi wake haukuweza kuubeba. Bara zima lilikuwa limeelezwa kwa kutegemea wodi za hospitali moja na maandishi ya watu wengine.

Wakati huo huo, moto ulikuwa ukifukuta katika Bonde la Ufa. Kwenye mashamba ya walowezi ya Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha waliishi maskwota wengi, hasa Wakikuyu, waliopewa vipande vya kulima na kulishia mifugo kwa malipo ya kazi yao. Tangu sheria ya mwaka wa 1937, mifugo yao ilipunguzwa, siku za kazi zikaongezwa na haki ya kukaa ikazidi kufinywa. Huko Olenguruone, katika eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Nakuru, serikali iliwapa makao mwaka wa 1941 Wakikuyu waliokuwa wamefurushwa kwingineko, kisha ikawawekea masharti ya ukulima na ya kumiliki ardhi ambayo waliyakataa. Katikati ya miaka ya 1940 waliapa kiapo cha umoja, na kinyume na desturi, wanawake na watoto pia walikishiriki. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, na kiapo chao kikasambaa pamoja nao.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya maskwota walirejeshwa Mkoa wa Kati kwa treni na malori, wakiwamo waliozaliwa katika Bonde la Ufa na ambao hawakuwa na nyumba ya kurejea. Waliobaki walipitishwa kwenye vituo vya mchujo, wakihojiwa kama wamekula kiapo. Katika mazingira hayo ndipo serikali ilipomwalika Carothers awaeleze watawala chanzo cha uasi.

Kwa haki yake, hakukubaliana na walowezi waliouona uasi huo kuwa ushenzi mtupu. Aliueleza kuwa zao la wasiwasi wa watu waliopoteza nguzo za mila zao kabla ya kupata nguzo nyingine. Lakini suala la ardhi, lililokuwa kiini cha malalamiko ya Olenguruone, halikupewa uzito uliostahili. Badala yake alisema kwamba Wakikuyu walilelewa na msitu, wakatawanyika katika maboma ya mbalimbali, na hivyo wakawa na tabia ya usiri na shaka. Dawa aliyoipendekeza ni kuwakusanya vijijini.

Mpango huo ulikuwa tayari umeanza mwaka huo wa 1954 kwa sababu za kivita, na sasa ukapata kibali cha mtaalamu. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungukwa na mahandaki na seng'enge. Katika kambi za kizuizini, nako, mfungwa alitakiwa kuungama kiapo chake ndipo aanze safari ya kuachiliwa. Aliyekaa kimya alihesabiwa kuwa sugu. Mnamo Machi 1959, wafungwa 11 waliokataa kutii amri walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola.

Katika miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, mwanasaikolojia Sidney Jourard alikuwa akichunguza swali ambalo Carothers hakulitilia maanani: ni lini mtu humfunulia mwingine ya moyoni mwake? Kazi yake ilionyesha kwamba jibu hutegemea sana msikilizaji: mtu hujifunua mbele ya anayemwamini, na hasa anayejifunua naye. Skwota aliyehojiwa na polisi huku bunduki zikimzunguka hakuwa na msikilizaji wa aina hiyo. Kimya chake kilikuwa busara ya mtu aliyejua kwamba neno moja lingeweza kumpoteza ndugu yake.

Wataalamu wengine hawakuchelewa kujibu. Adeoye Lambo wa Nigeria, daktari wa akili, alizikosoa nadharia za aina hiyo kwa ubaguzi uliojificha ndani yake, naye Frantz Fanon akamtaja Carothers katika kitabu chake maarufu cha 1961. Carothers mwenyewe alirudi kwenye mada hiyo mwaka wa 1972 kwa kitabu kingine kuhusu akili ya mwanadamu barani Afrika. Alifariki mwaka wa 1989.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Mnamo 2011, kutokana na kesi iliyowasilishwa London na wazee wa Kenya, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri mamia ya mafaili ya kikoloni kuhusu Kenya, yaliyoondolewa nchini wakati wa uhuru. Mwaka wa 2012 wazee hao walitoa ushahidi wao mahakamani, na Juni 2013 serikali hiyo ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Waliokuwa wameitwa wasiri walisema yaliyowapata, majina yao yakiwa wazi. Siri iliyodumu kwa nusu karne ilikuwa katika makabati ya serikali iliyomwajiri daktari.