Ramana Maharshi na Mwaka Wake wa Mwisho

Katika kuadhimisha sikukuu hii ya hekalu letu, tumeombwa tuandike maisha ya mmoja wa watakatifu wa dini yetu. Kwa kuwa wazee wengi wa hapa walitoka Gujarat kwa majahazi, huenda wasomaji walitazamia habari za Narsinh Mehta au Jalaram Bapa. Sisi tumemchagua mtu wa kusini, Mtamil, na sababu yake tutaieleza mwishoni.

Ramana Maharshi alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, upande wa Madurai, akapewa jina la Venkataraman. Baba yake alifariki mwaka 1892, naye akapelekwa Madurai kulelewa na baba yake mdogo. Mwezi Julai 1896, akiwa na umri wa miaka 16, alishikwa ghafla na hofu ya kufa ilhali hakuwa mgonjwa. Hakumwita mtu. Alijilaza sakafuni, akaukaza mwili kama maiti, akajiuliza ni kipi kitakachokufa na ni kipi kitakachobaki. Alipoinuka hofu ile ilikuwa imekwisha, wala haikumrudia tena.

Wiki chache baadaye aliondoka nyumbani kwa siri, na tarehe 1 Septemba 1896 akafika Tiruvannamalai, chini ya mlima mtakatifu wa Arunachala. Hakuondoka tena mahali hapo kwa zaidi ya miaka 53. Aliishi kwanza hekaluni, kisha katika mapango ya mlima. Mama yake, Alagammal, alimfuata mwaka 1916 akaishi naye, na alipofariki mwaka 1922 mwanawe alikuwa kando yake. Penye kaburi la mama huyo ndipo ilipokua ashram, yaani makao ya watawa na wageni, ambayo ipo hata leo.

Umaarufu ulimfuata bila kuutafuta. Kitabu cha Mwingereza Paul Brunton kilichotoka mwaka 1934 kilileta wageni kutoka Ulaya. Hata hivyo aliendelea kuamka kabla ya alfajiri akakate mboga jikoni, na wakati wa kula hakukubali apewe kitu ambacho wengine hawakupewa.

Mwishoni mwa mwaka 1948 kiuvimbe kidogo kilimtokea mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Februari 1949 daktari wa ashram alikikata, kikaota tena. Machi alipasuliwa mara ya pili, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ni saratani. Akatibiwa kwa mionzi ya madini ya radiamu, lakini uvimbe ulirudi. Madaktari walishauri mkono ukatwe wote, naye hilo peke yake akalikataa. Mengine yote aliyapokea: alipasuliwa tena Agosti na Desemba, na katikati ya tiba hizo akatumia dawa za Ayurveda na majani ya waganga, bila kuchagua wala kulalamika, kwani kila mleta dawa alikuja kwa mapenzi.

Wapo waliomsihi ajiponye mwenyewe kwa nguvu zake za kiroho. Hakufanya hivyo. Alifundisha kwamba mwili wenyewe ndio ugonjwa wa kwanza, wala hakudai kuwa mwili huo hauumi. Jambo moja alilishikilia: mlango usifungwe. Kidonda kikiwa kimefungwa bandeji, watu waliendelea kupita mbele yake kwa darshan, yaani kumwona mtakatifu na kuonwa naye. Hata jioni ya mwisho walipita. Alifariki tarehe 14 Aprili 1950, saa 2 na dakika 47 usiku, akiwa na miaka 70, huku wafuasi nje wakiimba utenzi wa Arunachala alioutunga yeye. Mpiga picha Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyekuwapo usiku ule, alisimulia kwamba aliona nyota ikivuka anga saa ile ile.

Sasa tutaje sababu yetu. Sisi tunaoandika haya ni wafanyabiashara tu, na elimu yetu iliishia sekondari. Mwaka jana tulipasuliwa tumboni tukatolewa uvimbe wa saratani, na hadi leo, kila baada ya wiki tatu, tunatundikiwa dripu ya dawa. Kwa miezi minne tuliagiza watu dukani waambiwe kwamba tumesafiri kufuata mzigo. Tuliogopa wanaotudai waje wote kwa siku moja, tukaogopa pia posa ya binti yetu ivunjike. Tulilala chumbani, mapazia yamefungwa, mshono ukiuma, na jirani aliyeleta supu alirudishwa mlangoni.

Katika siku zile ndipo tuliposoma habari za mzee huyu, tukaona haya. Yeye aliyekuwa na heshima kuliko sisi sote aliuweka mkono wake mgonjwa mbele ya halaiki, nasi tulikuwa tunaficha nini? Tulifungua mapazia. Wawili kati ya wanaotudai walikuja kweli. Mmoja alidai, mwingine akaketi akanywa chai. Jirani yule wa supu alirudi bila kuitwa.

Tunajua kwamba katika jamii yetu wamo wengine waliojifungia kama sisi. Siku ya sherehe tutaketi kwenye kiti karibu na mlango wa hekalu, kwa kuwa bado hatuwezi kusimama kwa muda mrefu. Atakayependa kutujulia hali, tunamkaribisha.