Askofu Weston: Imani Kali, Utetezi wa Mnyonge
Wanaodhani kwamba mfarakano wa Waanglikana wahafidhina na waliberali ni jambo geni kwetu, na wausome wasifu wa Frank Weston. Alizaliwa London mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Mwaka 1913 wamisionari waliokutana Kikuyu, Kenya, walipendekeza shirikisho la makanisa ya Kiprotestanti, kisha wakashiriki Komunyo pamoja. Weston aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Mwaka 1915 alivunja ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, aliyempa cheo mwanatheolojia mliberali.

Lakini mhafidhina huyo huyo, mwaka 1920, aliandika kijitabu kupinga Waafrika wa Kenya kushurutishwa kuwafanyia kazi walowezi. Alifariki Novemba 1924.

Sisi wa Kaplong, tuliozungukwa na mashamba ya chai, tuna funzo hapa. Ukali wa imani haukumzuia Weston kumtetea kibarua. Basi kila upande unaojidai kuwa na haki na uulizwe: mchuma chai amepata mtetezi kwenu?